Kompyuta ya nyumbani na programu zake: rahisi si lazima iwe haramu

Mwaka juzi kamati ya msikiti wetu hapa Kibosho ilinunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, kutoka duka moja la mjini Moshi. Fedha zilitokana na michango ya Ijumaa, na sehemu yake ilitoka kwa ndugu zetu waliouza kahawa msimu ule. Muuzaji alitukabidhi akisema imejaa kila kitu: programu ya kuandikia barua, ya kupigia hesabu na ya kutengenezea kadi za mwaliko. Hatukumuuliza vitu hivyo amevitoa wapi. Tulimshukuru, tukapanda daladala kurudi mlimani na kompyuta yetu mapajani.

Kwa miezi kadhaa tuliweka humo daftari la mayatima, orodha ya waliotoa na waliopokea Zakatul-Fitri, kumbukumbu za ndoa na mahudhurio ya madrasa. Asubuhi moja, siku chache baada ya Idd, mafaili yote yaligoma kufunguka. Majina yake yalikuwa yamegeuka herufi zisizosomeka, na kwenye kioo palikuwa na tangazo la Kiingereza lililotaka tulipe fedha ili turudishiwe vilivyo vyetu. Fundi aliyeikagua alitueleza kwamba kirusi kilipita katika kiprogramu kidogo kilichotumika kuvunja kufuli la programu ya ofisi, ili itumike bila kulipiwa.

Tulikaa wiki tatu tukiandika upya kumbukumbu kutoka katika vishina vya risiti. Mengine tuliyapata, mengine hatukuyapata hata leo. Katika kikao kilichofuata, mzee wetu mmoja, ambaye hajapata kushika kompyuta maishani mwake, alisikiliza maelezo yote ya mafundi kisha akauliza jambo moja tu: "Hiyo programu, mwenyewe alituruhusu kuitumia?" Hakuna aliyemjibu. Sisi tuliokuwa na kalamu ya kuandika mukhtasari tuliiweka chini.

Tangu siku ile familia kadhaa za jirani zimekuwa zikitujia na swali la upande wa pili: ikiwa programu za wizi hazifai, na za kununua zina bei kubwa, mtu mwenye watoto wanne shuleni afanye nini? Makala haya ni jibu letu kwao, na kwa kila nyumba yenye kompyuta moja kuukuu, kishikwambi na simu mbili.

Hukumu ya kitu kisichoshikika

Wapo wanaosema kwamba kunakili programu si kuiba, kwa kuwa mwenyewe hapungukiwi kitu. Kile alichokuwa nacho bado anacho. Hoja hii si ngeni, na wanazuoni wa zama zetu wameijadili. Mwezi Desemba 1988, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilikutana nchini Kuwait katika kikao chake cha tano. Katika azimio lake namba 43 ilipitisha kwamba haki za utunzi, za uvumbuzi na za majina ya biashara ni haki za kisheria zenye thamani ya mali, na kwamba haifai kuzivunja. Mwandishi wa programu hana tofauti na fundi seremala: alitoa muda wake, akili yake na fedha zake, na masharti ya kutumia alichokifanya ni yake kuyaweka.

Sheria ya nchi yetu nayo inasema hivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, na COSOTA ndicho chombo kinachosimamia haki hizo. Basi atumiaye programu iliyovunjwa kufuli anaacha ruhusa ya mwenyewe na sheria ya nchi kwa pamoja. Tukitoka msikitini ambako tumesikia darsa juu ya Suuratul-Mutaffifiin na wapunjao vipimo, hatuna uso wa kuwalaumu wauza sukari ikiwa barua zetu za kamati tunaziandika kwa chombo ambacho mwenyewe hakuturuhusu.

Hata hivyo, jambo lililotutia moyo ni hili: haja ya wizi haipo. Katika uwanja huu wako watu waliotengeneza programu nzuri na kutoa ruhusa kwa kila mtu azitumie bure, nyumbani, shuleni na msikitini. Aliyetujulisha hayo ni jirani yetu, mwalimu wa sekondari. Yeye ni Mkatoliki, kama walivyo wengi hapa Kibosho, na ni wa ukoo mmoja na baadhi yetu. Alikuja jioni moja na flashi yake, akakaa nasi hadi karibu na Isha.

Anza na haja, usianze na jina

Kosa la kwanza la nyumba nyingi ni kuanza na jina la programu kabla ya kujua kazi. Tunashauri baba na mama waketi na watoto, wachukue karatasi, waandike kila mmoja anafanya nini hasa. Katika nyumba tulizozitembelea, karatasi hiyo ilijaa mambo haya: kuandika barua ya maombi ya kazi, kazi ya shule yenye kurasa chache, hesabu ya mauzo ya ndizi na maziwa, orodha ya michango ya harusi, na kusoma mafaili yanayotumwa na mwalimu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji programu ya kulipia.

Kisha andikeni vyombo mlivyo navyo. Kompyuta ina umri gani, na inatumia mfumo upi? Kishikwambi kina kioo cha ukubwa gani? Bando la intaneti hununuliwa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi? Huku kwetu mlimani mtandao hupanda na kushuka pamoja na ukungu, na umeme nao una siku zake. Programu isiyofanya kazi bila intaneti inaweza kumwacha mtoto na kazi nusu usiku wa kuamkia mtihani.

Njia nne zilizo halali

Njia ya kwanza ni LibreOffice, nayo ndiyo tuliyoichagua kwa kompyuta ya msikiti. Ina sehemu ya kuandikia, ya majedwali ya hesabu, ya mawasilisho na nyinginezo. Ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake bila malipo. Asili yake ni programu ya Kijerumani iitwayo StarOffice, iliyonunuliwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1999, ikafunguliwa kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 kundi kubwa la waandishi wake lilijitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo leo inasimamiwa na taasisi yenye makao yake Berlin. Hupakuliwa mara moja tu, ni zaidi ya megabaiti 300, na baada ya hapo haihitaji intaneti kabisa. Kwa kuwa leseni inaruhusu, nyumba moja ikiipakua, majirani kumi wanaweza kuichukua kwa flashi bila dhambi wala hofu.

Wasomaji wetu wengi hawafahamu kwamba babu wa programu hii aliwahi kuzungumza Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu na maelekezo kwa lugha yetu. Na hadi sasa ipo kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia inayotumika ndani ya LibreOffice, ili barua ya mtoto isipigiwe mistari myekundu kila neno kana kwamba Kiswahili ni makosa. Walimu wa madrasa nao wajue kwamba inaandika Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, mradi kipengele cha lugha hizo kiwashwe katika mipangilio.

Njia ya pili ni programu za Google: Docs ya kuandikia, Sheets ya majedwali na Slides ya mawasilisho. Hizi ni za bure kwa mwenye akaunti, na humpa nafasi ya gigabaiti 15, inayogawanywa pamoja na barua pepe na picha zake. Uzuri wake ni kwamba watu wawili wanaweza kuandika katika faili moja kwa wakati mmoja, mmoja akiwa Kibosho na mwingine Dar es Salaam, na kila badiliko hujihifadhi lenyewe. Udhaifu wake ni kutegemea mtandao. Faili linaweza kutumika bila intaneti, lakini sharti uliandae mapema, mtandao ukiwapo. Mtoto aliye chini ya miaka 13 asifunguliwe akaunti kwa umri wa uongo. Ipo akaunti ya mtoto inayosimamiwa na mzazi, na hiyo ndiyo ya kutumia.

Njia ya tatu ni Microsoft yenyewe kwa sehemu yake ya bure. Watu wengi hawajui kwamba Word, Excel na PowerPoint zinapatikana bure ndani ya kivinjari cha intaneti kwa mwenye akaunti, pamoja na hifadhi ya gigabaiti 5. Kwenye simu na vishikwambi ambavyo kioo chake hakizidi inchi 10.1, uhariri wa kawaida ni bure vilevile. Mwanafunzi wa chuo kilichojiandikisha na Microsoft aulize ofisi ya chuo chake kabla ya kununua chochote, kwani huenda akaunti ya chuo inampa haki hiyo.

Njia ya nne ni kulipia. Mpango wa familia wa Microsoft 365 unaruhusu watu hadi sita, na kila mmoja hupata hifadhi ya terabaiti moja. Mwaka 2025 bei yake nchini Marekani ilipanda kutoka dola 99.99 hadi dola 129.99 kwa mwaka. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni kama shilingi 325,000, na mwaka ukiisha hulipwa tena. Nyumba yenye watu sita wanaoitumia kwa kazi za kipato haitaiona nzito, maana kila mmoja ni kama shilingi 54,000. Nyumba inayoandika barua mbili kwa mwezi ikilipa kiasi hicho, huo ni ufujaji, na ufujaji nao tumekatazwa. Kumbuka pia kwamba mpango huu umekusudiwa watu wa nyumba moja, haukukusudiwa kuuziwa majirani vipande vipande.

Zipo nyingine, kama WPS Office ya kampuni ya Kingsoft ya China, ambayo toleo lake la bure huja na matangazo. Ni halali na ni nyepesi kwenye simu, lakini mzazi akumbuke kwamba hana mamlaka juu ya tangazo litakalomtokea mtoto wake. Kwa vishikwambi vya Android ipo pia Collabora Office, ambayo ni ndugu wa LibreOffice na ni ya bure.

Nyumba tatu tulizokaa nazo

Katika nyumba ya kwanza, mama mmoja anauza maziwa na ndizi, na wateja wake wengi huchukua kwa mkopo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suuratul-Baqarah, inahusu kuandika deni, na mama huyu alikuwa akiliandika katika karatasi za boksi. Tulimtengenezea jedwali la safu tano katika simu yake: tarehe, jina, alichochukua, alicholipa, kilichobaki. Ni Sheets, iliyoandaliwa kutumika bila intaneti. Gharama ilikuwa saa moja ya mafunzo na kikombe cha chai. Baada ya wiki mbili alitupigia simu kutuambia kwamba mteja wake mmoja na yeye waliacha kubishana, kwa sababu safu ya mwisho ilisema yote.

Katika nyumba ya pili baba ni mwalimu wa shule ya msingi. Anacho kishikwambi miongoni mwa vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye Serikali ikavigawa kwa walimu, na nyumbani kuna mpakato wa zamani wanaougombania watoto watatu. Mpakato tuliuwekea LibreOffice. Binti wa kidato cha tatu alilalamika siku ya kwanza kwamba vitufe haviko mahali alipovizoea shuleni. Siku ya nne alikuwa akimfundisha mdogo wake. Shida iliyobaki ilikuwa kwamba kazi yake ikifunguliwa kwenye kompyuta ya shule, mistari ilihama. Dawa yake ni mambo mawili: faili la kumpelekea mwalimu ili alisahihishe lihifadhiwe kwa muundo wa docx, na lile la kwenda kuchapishwa steshenari lihifadhiwe kama PDF, kwani PDF haihami mistari popote iendapo.

Katika nyumba ya tatu kijana anafanya kazi ya uhasibu mjini Moshi, na mwajiri humtumia majedwali yenye maagizo yaliyoandikwa ndani yake ili yafanye hesabu yenyewe. LibreOffice haikuyaendesha yote sawasawa. Tulimwambia ukweli: wewe unahitaji Excel halisi. Lakini kwa kuwa ni kazi ya mwajiri, mwajiri ndiye apaswaye kuigharimia, naye aliombwa akakubali. Hatuna ushabiki na programu yoyote. Chombo hupimwa kwa kazi yake.

Kompyuta kuukuu na amana ya kuhifadhi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya bure ya usalama kwa Windows 10, na siku hiyo hiyo ikamaliza huduma kwa Office 2016 na Office 2019. Kompyuta nyingi za mitumba zilizoko majumbani mwetu ni za kundi hilo, na baadhi haziwezi kupokea Windows 11. Zisitupwe kwa haraka. Mifumo huria kama Linux Mint au Ubuntu huweza kuwekwa katika mashine nyingi za namna hiyo bila malipo, na LibreOffice hupatikana humo bure. Ubuntu yenyewe ilianzishwa mwaka 2004 na mtu wa Afrika Kusini, na jina lake kwetu halihitaji tafsiri, ni utu. Hata hivyo, kazi ya kubadilisha mfumo ifanywe na anayeijua, na baada ya mafaili yote kunakiliwa pembeni.

Kunakili pembeni ndilo somo tulilolipia ghali. Programu iwe ya bure au ya kununua, faili lililo mahali pamoja tu ni faili linalongoja kupotea. Sasa kila Alhamisi baada ya Alasiri tunanakili kumbukumbu za msikiti katika flashi mbili. Moja hukaa kwa katibu, nyingine kwa mhazini, na hakuna inayopelekwa steshenari. Kwa uchapishaji tunayo flashi ya tatu isiyobeba siri za watu. Aidha, LibreOffice ina mpangilio wa kuhifadhi taarifa za dharura kila baada ya dakika kadhaa. Tumeuweka dakika 3, ili umeme ukikatika tusipoteze zaidi ya aya moja.

Na majina ya wapokea zaka hatuyaweki katika faili lisilo na neno la siri. Aliyepokea msaada kwa kificho hakututuma tulifanye jina lake liwe la kusomwa na kila ashikaye kompyuta.

Tulichowaambia jamaa

Ijumaa moja baada ya Swala, kamati ilisimama mbele ya jamaa na kueleza yaliyotokea: kwamba kumbukumbu zilipotea, kwamba programu tuliyotumia haikuwa halali, na kwamba uzembe ulikuwa wetu. Haikuwa rahisi kusema. Tuliomba kila mwenye kishina cha risiti akilete, na kila aliyetoa bila risiti atuambie alichotoa, nasi tutaandika kwa kauli yake. Walikuja watu wengi kuliko tulivyotaraji, na baadhi walikuja na vijana wao, wakiuliza namna ya kusafisha kompyuta za nyumbani.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Adhuhuri, ukumbi wa madrasa huwa wazi kwa yeyote, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, kuleta mpakato au kishikwambi chake na kuwekewa programu halali. Mwalimu jirani yetu huja, na vijana wawili wa kidato cha nne humsaidia. Tunaloomba kwa mwenye kuja ni aje na ile karatasi ya haja za nyumba yake, ikiwa imeandikwa tayari.

Mzee wetu aliyeuliza swali lile alifika Jumamosi ya kwanza, japokuwa hana kompyuta. Aliketi nyuma, akatazama kazi mpaka mwisho. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni alituuliza tena, "Na hii ya sasa, mwenyewe ameruhusu?" Tukamjibu kwamba ameruhusu, tena ameandika. Akasema, "Basi andikeni."

Wabillahi Tawfiq.